Jino la Zuwena

Siku ya kesi Mwanamvua, mpika vitumbua wa Korogwe, hakuwa na wakili ila mdomo wake. Mtalaka wake Mbwego, mwenye mabasi, alikuwa amewatelekeza tangu binti yao Zuwena ananyonya. Sasa alimtaka mtoto, na alikuja na wakili wa suti.

“Mheshimiwa,” alisema wakili, “mteja wangu ndiye mlezi hasa. Haipiti wiki hajamtembelea mwanawe.”

Hakimu akamgeukia Mwanamvua. “Una swali kwake?”

“Dogo tu, Mheshimiwa.” Akainamisha macho. “Baba Zuwena, mimi moshi wa vitumbua umenisahaulisha mengi. Hebu ikumbushe mahakama: jino la kwanza la mwanao lilipong'oka, nani alilirusha juu ya paa?”

Mbwego akatanua kifua. “Si mimi baba yake! Ungeliweza wewe, na ufupi wako huo?”

“Mtoto alilia?”

“Hata chozi! Nilimpakata mwenyewe, nikamwambia litaota jipya.”

“Na jino ulilishika kwa mkono wako?”

“Huu hapa!” Akauinua, na wakili wake akatabasamu.

“Ahsante, Baba Zuwena. Mungu akuzidishie.” Kisha akamwita binti yake aliyekaa kwenye benchi. “Njoo mama, umwoneshe Mheshimiwa meno yako.”

Zuwena akaachama. Hakimu akainama, akachungulia juu na chini. Meno ya utotoni yalikuwa yamejipanga yote, hakuna hata pengo.

“Bwana Mbwego,” aliuliza hakimu, “ulirusha jino la nani?”

Jioni ile Zuwena alirudi kwa mama yake, na meno yake yote mdomoni.