Mtaro wa Arusi ya Mzee Kibwana

Haya niliyasikia kisimani, na mkiulizwa, si mimi niliyewaambia. Mlimani walikuwa na kisima, Bondeni walikuwa na mabomba, wakakubaliana kuchangia maji. Katikati yao ulikaa ua wa Mzee Kibwana, mpana kama uwanja wa mpira.

"Bomba halipiti kwangu!" akasema. "Bondeni ngojeni mvua."

Bi Chausiku wa Bondeni hakubishana. Mwezi uliofuata Kibwana akawa anamwoza binti, akaja mwenyewe kumwomba Bi Chausiku na akina mama wenzake wampikie.

"Tutapika, baba. Majiko tutayaweka lango la juu, penye kivuli. Ila maji ya kuoshea masufuria yatapita wapi? Wakwe wasije wakakanyaga tope."

Kibwana akaita vibarua, wakachimba mtaro mrefu kutoka lango la juu mpaka lango la chini. Arusi ikafana.

"Sasa fukieni upesi!" Kibwana akawaambia akina mama.

"Leo leo, baba," akajibu Bi Chausiku.

Siku ya tatu akasikia vigelegele Bondeni. Maji yanamwagika! Akamwendea Bi Chausiku mbio. "Mmefukia nini uani kwangu?"

"Mtaro, baba, na mabomba yetu ndani yake. Ukipenda, fukua. Lakini una mabinti watatu hawajaolewa. Pilau utakoroga na nani?"