Kasuku wa Bati na Lango la Kisima

Paukwa!
Pakawa!
Mbona huko nyuma mmesinzia? Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, nyika ilikauka, kikabaki kisima kimoja tu. Chui akahamia pale. Ajaye kunywa, analiwa. Wanyama wakamwendea Nungunungu, fundi wa malango yanayofunguka yenyewe kwa kufuata maagizo.

"Fundi, tuokoe," akasema Mama Kanga. "Wanangu watakufa kwa kiu."

Nungunungu alikuwa na msaidizi, Kasuku wa bati. Maneno yote ya dunia alikuwa ameyasikia. Ukimuuliza, hakosi jibu.

"Kasuku, niandikie maagizo. Lango limzuie Chui, wengine wapite."

Tiki-tiki-tiki! "Tayari, fundi! Safi kabisa!"

Nungunungu hakusoma. Chui alipokwenda kuwinda, akazungushia kisima ua wa miiba, akalitundika lango, akaenda zake kulala.

Asubuhi, makelele! Mama Kanga yuko nje na vifaranga, midomo wazi. Lango limegoma. Na ndani je? Chui, katapakaa tope mwili mzima, anakunywa kwa raha zake!

"Fundi! Sisi umetufungia, adui umemfungulia!"

Aibu ilimchoma Nungunungu kuliko miiba yake. Akamwendea Chui kinyumenyume, chomo! chomo! Chui akatimkia langoni, huyoo!

"Kasuku, lango lako bovu!"

"Samahani sana, fundi, umesema kweli! Naandika maagizo mengine, safi kabisa!"

"Ngoja kwanza. Nisomee ya jana, neno kwa neno."

Kasuku akasoma: "Mwenye madoa, asiingie."

"Lo! Kanga ana madoa! Na Chui ya kwake kayafunika kwa tope! Kasuku, umewahi kumwona Chui?"

"Sijawahi, fundi. Nasikia tu wakisema ana madoa."

Nungunungu akacheka mpaka miiba ikagongana. "Kumbe! Wewe humjui Chui, na mimi ninayemjua nililala! Haya, andika: anayeingia ameze mtama kwanza."

Tiki-tiki-tiki! Safari hii wakajaribu. Mama Kanga, do! do! do! Lango, kwaaa! Vifaranga nao, do! do! do! Kwaaa! Wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

Chui akaja na tope lake. Akautia mtama kinywani. Ptuuu! Lango, kimya. Wanyama wakacheka, na Kasuku akacheka kuliko wote.

Basi, jamani, msaidizi mwepesi ni neema. Lakini kazi yake isome, uijaribu, ndipo umwite mwenye kiu. Kasuku hachoki kuandika. Wewe usichoke kusoma.

Ngano yangu imefika kisimani, imekunywa, imelala hapo.