Picha ya Mzee Kapinga na Binti Aliyesimama Nyuma

Isome taratibu hadithi hii, uimalize, kisha umtumie mtu wako wa karibu.

Mjini Mbinga alikuwapo mpiga picha aliyeitwa Gaudensi Ndunguru. Miaka hiyo simu za kupiga picha zilikuwa hazijawafikia watu wa kawaida, kwa hiyo aliyetaka sura yake ibaki alikwenda kwa Gaudensi.

Alikuwa na kamera mbili, moja ya mkanda na nyingine ya dijitali, na zote zilikubali lenzi zilezile. Lenzi zake hazikujirekebisha zenyewe. Ilibidi azungushe pete kwa vidole, polepole, mpaka uso wa mtu utoke kwenye ukungu. Kazi hiyo aliipenda kuliko kula.

Kwa muda mrefu alitumia lenzi ndogo ya zamani iliyokuja na kamera. Haikuwa na sifa yoyote, ila ukipanga ukoo mzima mbele yake, ukoo mzima unaonekana. Halafu Gaudensi akaanza kutamani lenzi za wakubwa. Akawauliza mafundi wa Songea, akawauliza wa Dar es Salaam, akalinganisha hiki na kile mpaka usingizi ukampungukia. Mwisho akachagua moja nene, nzito, yenye kioo kipana. Ukilifungua tundu lake lote, inashika jicho la mtu mmoja, likawa safi hata kope zinahesabika, na vyote vilivyo nyuma yake vinayeyuka kama moshi. Watu walizishangaa picha zake. Tangu hapo Gaudensi hakuitoa tena lenzi hiyo kwenye kamera.

Siku moja alikuja mama mmoja, macho mekundu. Alikuwa mke wa Mzee Otmari Kapinga, mkulima wa kahawa wa kijiji cha jirani, ambaye kifua kilikuwa kimemmaliza.

"Njoo utupigie picha nyumbani, kaka," alisema. "Mzee hawezi kutoka. Tunataka moja ya familia, wote tuwemo."

Gaudensi alielewa picha hiyo ni ya nini. Kwao, maiti ikitoka nyumbani, mtu mmoja hutangulia mbele ya jeneza akiwa ameshika picha ya marehemu. Nyumba isiyo na picha huona aibu siku hiyo.

Ludgera, mkewe Gaudensi, alimwona anafunga begi.

"Familia nzima? Basi beba na ile lenzi ya zamani, baba watoto."

"Ile imechoka."

"Umechoka wewe! Unakwenda kumpiga picha mgonjwa au unakwenda kuitembeza lenzi yako?"

Gaudensi alicheka, akatoka. Lenzi ya zamani ilibaki kabatini.

Walimkalisha mzee kwenye kiti mlangoni, amefunikwa blanketi, mahali penye mwanga. Mkewe na kijana wao Bosko wakasimama nyuma. Pembeni yao akasimama Skolastika, kitinda mimba, binti wa darasa la sita.

"Shikamoo, mpiga picha! Nisubiri nikavae gauni langu la kipaimara."

"Marahaba. Usijisumbue, binti. Hapo nyuma gauni halitaonekana."

"Mwache akavae, mwanangu," mzee alisema kwa sauti ya kukwaruza.

"Mwanga unakimbia, mzee."

Mama naye akauliza, "Kwani sisi huku nyuma hatutatoka?"

"Mtatoka, mama. Mtakuwa laini laini, ndiyo picha za siku hizi."

Gaudensi alijua anachokifanya. Angeweza kulibana tundu la lenzi, wote wakaonekana. Lakini ile picha isingekuwa na uzuri alioutaka. Akajiambia moyoni kwamba anayeondoka ni mzee, na hawa wengine wapo, atawapiga siku nyingine. Akazungusha pete mpaka jicho la mzee likasimama safi kabisa, akabonyeza.

Haikuwahi kutoka picha kama ile mikononi mwake. Familia aliipelekea yao, na nyingine akaikuza na kuitundika dirishani pa studio. Wapita njia walisimama.

"Huyu mzee utadhani atakuuliza unatoka wapi!"

"Gaudensi, kioo chako hicho si cha dunia hii."

Naye alisimama mlangoni, mikono nyuma, akiyapokea maneno hayo.

Ndipo likatokea ambalo hakuna aliyelitarajia. Dawa zilimkubali Mzee Kapinga. Akaanza kula, akaanza kutembea uani, akarudi shambani kwake. Masika yalipoingia, homa kali ikamshika Skolastika. Alifariki hata kabla ya kufika hospitali. Siku ya maziko aliyetangulia mbele ya jeneza alishika msalaba tu, bila picha.

Baada ya matanga, Mzee Kapinga alikuja studio kwa miguu yake. Alivua kofia, akaikazia macho picha ya dirishani.

"Pole sana, baba," Gaudensi alisema.

"Nimeshapoa. Mimi nimejiona, hata kovu la utotoni nimeliona. Sasa nitolee mwanangu kwenye huo moshi."

Gaudensi aliingia chumba cha giza cha kusafishia picha, na mkanda wa siku ile. Akamkuza Skolastika peke yake. Kadiri alivyomkuza, ndivyo alivyozidi kupotea. Palikuwa na weupe mahali pa uso na weusi mahali pa nywele. Alijaribu tena, na tena, kisha akatoka mikono mitupu.

"Haiwezekani, baba. Kisichoshikwa siku ile, hakishikiki tena."

Mzee aliirudia picha ya dirishani kwa macho. Kisha akauliza, "Lakini wewe ulikuwa unamtazama. Alikuwa anacheka?"

Gaudensi aliirudia siku ile akilini. Alikumbuka kope za mzee, moja moja. Juu ya binti hakukumbuka kitu.

"Sikumtazama," alisema.

Mzee alikwenda dirishani. Aliishusha mwenyewe ile picha kubwa kutoka dirishani, akailaza mezani.

"Leta mkasi. Nikate nitoke, mimi nipo. Nipe upande wa mtoto, hivyohivyo alivyo."

Gaudensi alikata. Mzee alikichukua kile kipande chenye ukungu, akakiingiza ndani ya shati, akaondoka bila kuaga. Mezani ilibaki nusu ile nyingine, safi, inayohesabika kope.

Funzo: Usijipe kazi ya kuamua nani wa kutazamwa vizuri leo na nani atasubiri siku nyingine, kwa sababu hujui ni nani kati yao anayeondoka.