Programu Iliyokaa Kimya

Mwanamke mmoja alikuwa na zahanati tisa za kulinda, wala hakuwa daktari. Jina lake Elisifa. Kazi yake ilikuwa mtandao wa kompyuta ulioziunganisha zahanati hizo, zilizotawanyika milimani, na hospitali kubwa iliyokuwa bondeni. Huko juu simu za mkononi hazishiki. Muuguzi akipata mgonjwa aliyemzidi uwezo, huandika kwenye kompyuta, ujumbe ukaruka kutoka mnara hadi mnara, na gari la wagonjwa likapanda kumchukua. Kwa hiyo uhai wa watu wengi ulipita mikononi mwa Elisifa, na wengi wao hawakumjua hata kwa sura.

Siku moja mganga mkuu alimwambia achague programu ya kuuangalia mtandao huo. Zikaletwa mbili, azijaribu. Ya kwanza ilikuwa na adabu. Haikusema neno mpaka mtambo wa zahanati upatwe na hitilafu na kujitangaza wenyewe. Vinginevyo kioo cha kompyuta kilibaki cheupe, kimetulia. Ya pili ilikuwa sumbufu. Kila dakika iliita kila mtambo kwa jina, ikauliza kama upo, ikangoja jibu, ikaliandika. Usipojibu, jina lake liligeuka jekundu. Siku nzima kioo kilijaa maandishi yanayokimbizana, na macho yalimuuma Elisifa.

Akachagua ile yenye adabu. Msimcheke, mimi na ninyi tungechagua hiyo hiyo. Nani anapenda kusumbuliwa kila dakika? Mganga mkuu aliifurahia, na wageni wakija aliwapitisha ofisini waone kioo kisicho na doa. Miezi minne kikabaki hivyo. Kwenye sala ya asubuhi ya wafanyakazi Elisifa alisimama akamshukuru Mungu kwa utulivu wa mtandao, na watu wakaitikia amina.

Basi mchana mmoja wanaume wanne waliingia uani mwa hospitali na machela mabegani. Juu yake alilala mama aliyejifungua alfajiri, damu haijakoma, midomo imepauka. Walikuwa wamemteremsha kwa miguu kutoka zahanati ya tisa, ile iliyo juu kuliko zote, mwendo wa saa tano kwa njia ya msituni. Nyuma yao alikuja muuguzi wa huko, Mama Shekigenda, matope hadi magotini na kile kichanga amekifunga kifuani. Madaktari wakampokea yule mama mbio. Muuguzi hakuomba hata maji. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Elisifa, akauliza kwa nini wiki nzima wanaandika kuomba gari na hakuna anayepanda.

Elisifa, kwa nia njema kabisa, akamgeuzia kioo. Kilikuwa cheupe. Akamweleza kwamba mtambo wa huko juu haujalalamika hata mara moja.

Mama Shekigenda alikitazama kioo, kisha akamtazama yeye. "Ungelalamika kwa njia gani, mwanangu, na njia ndiyo iliyokatika?"

Elisifa aliona aibu, na baada ya aibu ikamwingia hofu, kwa kuwa hakujua tena kama zile nane nyingine zi hai au zimekufa. Hapo hapo akaifungua ile programu sumbufu, akaandika majina tisa, akaita.

Yakajibu manane. Kabla hajavuta pumzi, kutoka nyuma ya misitu na mabonde ambayo mtu huyapita kwa saa nyingi, mitambo minane ilijibu: nipo, nipo, nipo. Dakika iliyofuata ikaitwa tena, ikajibu tena. Elisifa akalia. Miezi minne yote mitambo hiyo ilikuwa tayari kujibu, wala hakuna aliyeiita. Alikuwa ameufanyia kazi mtandao ule miaka sita, na ndiyo kwanza anauona ukubwa wake. Jina la tisa likabaki jekundu.

Kesho yake mafundi walipanda, wakakuta mti umeuangukia mnara. Kesho kutwa, asubuhi, jibu la tisa likaingia, na Elisifa akajikuta ameinuka kitini, kama mtu anavyoinuka mkubwa anapoingia. Wakati huo wodini yule mama alikuwa ameongezewa damu, ameketi, ananyonyesha.

Ndugu zangu, yupo mtu nyumbani mwenu aliyenyamaza siku nyingi, nanyi mmemhesabu kuwa mzima. Ni lini mara ya mwisho mlimwita kwa jina, mkangoja ajibu?