Tangi Tupu la Petroli

Dereva mmoja wa lori la mafuta alishusha petroli yote hadi tone la mwisho, kisha akageuza gari kwenda kwa mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma. Ngazi ya kupandia juu ya tangi ilikuwa imekatika. Mafundi wamejaa barabara nzima, lakini yeye alimtaka huyo. Miaka mitatu nyuma mama yao alipozikwa, mdogo mtu alitokea siku mbili baada ya mazishi. "Nimekusamehe, yamekwisha," kaka alimwambia palepale matangani, mbele za watu. Tangu siku hiyo hawakuwahi kula sahani moja. Basi ngazi ilikuwa kisingizio tu. Kaka alikuwa amemkumbuka mdogo wake.

Malori haya siku hizi yanachungwa kuliko mwali. Kuna kamera inayomtazama dereva machoni asisinzie, kuna chombo kinachowaonyesha watu wa ofisini hata pale aliposimama kujisaidia, na juu ya tangi kuna kidude kinachonusa mvuke wa petroli na kupiga kelele. Hicho kidude kaka alikuwa amekifunga tambara. Kilianza kulia alipomaliza tu kushusha. Tangi tupu, kinalia nini?

Mdogo mtu alipoliona lori linaingia, alizima jenereta. Akamkimbilia mama aliyekuwa anakaanga mihogo jirani. "Shangazi, mwagia jiko maji, upesi! Utanitukana baadaye."

Kaka akashuka amenuna. "Unanipokea kama mwenye ukoma? Tangi tupu hili. Washa mashine yako unichomelee ngazi."

"Limeoshwa?"

"Lioshwe la nini? Nimekwambia tupu. Huniamini?"

"Wewe nakuamini, kaka. Tangi siliamini."

Akaparamia gurudumu, akafungua lile tambara. Kidude kikapiga ukunga mpaka kuku wakatawanyika.

"Unasikia? Ile petroli uliyoshusha haina neno tena. Umebaki mvuke, hauonekani. Cheche moja tu ya mashine yangu, tungekwisha wewe na mimi, na shangazi na mihogo yake." Akashuka, akajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Na mimi uliniambia yamekwisha, kaka. Miaka mitatu nakuja kwako nikinyata. Nikitaja jina la mama, unatoka nje."

Kaka akaegemea gurudumu. Mwisho akauliza lile ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilifika. Nilikaa stendi siku mbili na kitenge nilichokuwa nimemnunulia mama. Sikuweza kupanda kile kilima cha nyumbani nikamwone amelala."

Kaka akamkamata mdogo wake shingoni, akamvuta kifuani, wakalia wanaume wazima mbele ya mihogo iliyoiva nusu. Hata yule shangazi alisahau kutukana.

Kisha lori likapelekwa kuoshwa, mifuniko ikaachwa wazi likapigwa na upepo. Liliporudi, kidude kilikuwa kimya, wala hakikufungwa tambara. Ndipo ngazi ikachomelewa.

Sasa sisi. Kila Jumapili tunapeana mkono wa amani na kutabasamu hadi jino la mwisho. "Nimesamehe, yamekwisha." Sawa, mzigo umeshusha, nani kakubishia? Lakini tangi umeliosha? Na kile kinacholia ndani yako ukimwona mtu yule anaingia mlangoni, umekifunga tambara gani? Kwaya? Maombi marefu? Kile hakilii kwa ubaya, jamani. Kinalia kwa sababu ndani kuna kitu, na mwenzako amekuja na cheche zake mkononi bila kujua.

Usinitazame mimi. Mtazame yule uliyekaa mbali naye makusudi. Leo, kabla hujampa mkono, muulize: siku ile ulikuwa wapi? Ukishauliza, funga mdomo, umsikilize.