Mgomba Uliokula Dawa

Mtu mmoja alikuwa na mizani, na kwa mizani hiyo aliwajua watu wote wa kijiji chake. Aliitwa Ambakisye, mpima majani ya chai katika vilima vya Rungwe. Mkulima akifika na kikapu alichokinyunyizia maji ili kizidi uzito, Ambakisye hakuhitaji kukimwaga. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaunusa, akasema tu, "Leo mvua imenyesha kwako peke yako." Mkulima alicheka kwa aibu, akaenda kuyaanika majani yake. Kwa miaka ishirini hakuna aliyempita kwa hila, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko ilivyompasa.

Mtu huyu alikuwa na kaka, Anyelwisye, aliyepatwa na kiharusi siku ya kuezeka nyumba, kikamwachia nusu ya mwili. Kila asubuhi aliwekewa vidonge vya presha vya rangi tatu, akavichanganya, akavidondosha, akasusa. Ambakisye naye alikuwa na presha, ile ile ya ukoo, wala haikumuuma popote.

Ndipo watafiti walipokuja kwenye zahanati. Walitaka kujua kama dawa tatu, kila moja kidogo, zikiunganishwa katika kidonge kimoja, zitashusha presha ya watu wazima kuliko dawa moja iliyo kali. Kila aliyejitolea alipewa kopo la vidonge thelathini na maagizo: kimoja kila siku, na mwisho wa mwezi kopo lirudi, hata kama vimebaki. Ambakisye alitia sahihi wa kwanza.

"Kikifaa," alimwambia kaka yake, "utameza kimoja tu, na kelele zako ziishe."

"Wewe kimeze kwanza," alisema Anyelwisye. "Mimi niko hapa, nakungoja."

Wiki ya kwanza alimeza. Wiki ya pili alijisikia ana nguvu kama fahali, akaona dawa ni za wagonjwa. Mwisho wa mwezi ukakaribia, vidonge kumi na tisa vingali ndani. Sasa kule kwao, kumrudishia nesi mwema kopo lenye vidonge ni sawa na kubakiza chakula kwenye sahani ya mkwe. Akazunguka nyuma ya nyumba, akavimwaga kwenye shina la mgomba, akavifukia kwa mguu. Mwezi wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Kama kulikuwa na mgomba wenye presha nzuri katika vilima vile, ulikuwa huo.

Mwezi wa nne nesi Bupe alimfunga kipimo mkononi, akakijaza upepo, akatazama namba, kisha akatazama lile kopo tupu. Alikuwa binti mpole, hakulaumu.

"Baba, umemaliza vyote na presha iko pale pale. Si wewe tu, wengi wako hivyo. Ikiendelea hivi, wakubwa wataandika kwamba kidonge hiki hakifai, na tutakiacha."

Nyuma yake ilikuwapo foleni, watu kumi na wawili, kila mmoja na kopo mkononi. Wote aliwahi kuwarudisha na vikapu vyao. Akalitazama kopo lake, akaona kwamba nalo ni kikapu, na maji kayanyunyiza yeye. Akamwona moyoni na kaka yake kule nyumbani, barazani, akingoja. Sisi wanaume tuliopita hamsini ni rahisi kwetu kupandisha gunia la viazi mlimani kuliko kulibeba neno moja la namna hiyo. Alilibeba.

"Binti yangu," alisema, kwa ile sauti yake ya kwenye banda la mizani, "kopo ni tupu, na tumbo langu pia. Vidonge vingi vimeliwa na mgomba."

Kisha mama mmoja aitwaye Tupokigwe, ambaye mwaka ule alikuwa amerudishiwa kikapu mara tatu, alijipangusa uso kwa kanga.

"Kumbe leo mvua imenyesha kwako, baba," alisema. "Ila si kwako peke yako. Vyangu viko kwenye majivu."

Mwingine akasema vyake viko chooni, afadhali mgomba. Watu saba walikwenda mezani wakasema kweli. Nesi Bupe hakufuta namba hata moja. Pembeni ya kila jina aliandika kilichotokea.

Tangu siku ile Ambakisye aliliweka kopo lake juu ya mizani, akameza mbele ya watu kabla ya kikapu cha kwanza, na wenzake wakameza naye. Siku zisizo za kupima walipigiana hodi kukumbushana. Mwaka ulipotimia, watafiti waliyasoma majibu uwanjani: kidonge kinashusha presha kuliko ile dawa moja kali, kwa wale wanaokimeza. Ya Ambakisye ilishuka mpaka nesi akapima mara mbili.

Asubuhi ile kidonge kilipoanza kutolewa kwa wote, alimpelekea kaka yake. Anyelwisye alikiweka kwenye kiganja cha mkono ulio mzima, akakimeza, akauinua mkono ule juu kama aliyeshinda uchaguzi. Wanawake walipiga vigelegele, na Ambakisye, pamoja na kitambi chake, akacheza mpaka akapoteza kiatu.

Mgomba nao uliendelea kuzaa vizuri tu. Haukuwahi kuumwa.

Basi wewe uliye hodari wa kuingiza mkono katika vikapu vya wenzako, niambie: nyuma ya nyumba yako, ni mgomba gani unaokula dawa yako?