Jemadari Tai Alivyovuliwa Cheo

Zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majumba na majiko yao, nchi ya Mfalme Nyati ilikuwa vitani na fisi wa ng'ambo ya mto. Jemadari wa jeshi la angani alikuwa Tai. Fisi wakijaribu tu kuvuka, aliwaona kutoka juu, akapiga mbinja, fyuuu! Askari nyati wakawawahi mtoni.

Mpishi wa mfalme alikuwa Nguchiro, mdogo wa umbo, mwepesi wa ulimi. Mkewe na watoto wao watatu waliishi shimoni, karibu na mto. Siku moja Tai alimfumania Nguchiro akila mayai ya Bi Kwale, mjane wa askari.

"Vita vikiisha nitakushtaki," Tai alisema. "Sasa hivi nina kazi."

Kesho yake asubuhi Nguchiro alimpelekea mfalme uji.

"Mtukufu, hebu tazama mtini. Nani yule ametandaza mabawa?"

"Si Jemadari Tai?"

"Ndiye! Kila asubuhi anaota jua kama bibi harusi, na askari wako wanakufa. Kanga je? Yuko kazini tangu alfajiri. Msikilize!"

Kekekeke! Kanga alikuwa akikimbia huku na huko uani.

Mfalme Nyati hakuwahi kuruka maisha yake yote. Hakujua kwamba tai hungoja hewa ipate joto ndipo imnyanyue. Nguchiro alijua, akanyamaza. Mfalme mzima, na mapembe yote yale, kudanganywa na mpishi!

Tai akaitwa.

"Mtukufu, mabawa yangu—"

"Kimya! Kuanzia leo jemadari ni Kanga."

Tai alivua utepe wake wa cheo, akauweka chini, akaondoka bila kusema lolote kuhusu mayai. Hilo lilimchoma Nguchiro kidogo. Akalimeza pamoja na uji uliobaki.

Siku ya tatu fisi walinyemelea katikati ya matete. Kanga alipiga kelele zake kule uani, kekekeke, lakini yeye hapandi juu kupita kichaka. Hakuona kitu.

Nguchiro alikuwa akichochea moto mkewe alipoingia mbio, kajaa vumbi, kambeba mtoto mmoja.

"Baba Chiku! Wamefukua shimo! Nimemtoa huyu tu!"

Askari nyati waliwafukuza fisi, lakini walikuwa wamechelewa. Nguchiro alijitupa miguuni pa mfalme, analia.

"Mrudishe Tai, Mtukufu! Nilikudanganya. Mwenye kosa ni mimi!"

Nyati hakumkanyaga. Alimtazama tu, macho yamemlowa.

"Fisi walipovuka tu nilituma wajumbe wamwite," alisema. "Kiota ni kitupu. Tai amehama nchi, na aliyemfukuza ni mimi."

Nguchiro akainua macho. Anga lilikuwa safi kabisa, na hapakuwa na mtu juu.

Basi, wanangu, anayemwondoa mlinzi ili kuficha kosa lake huiacha wazi hata nyumba yake mwenyewe.